Namna ya Kumpokea Mgeni katika Jumuiya Ndogo Ndogo: Mwongozo kwa Viongozi wa Bagamoyo

Bagamoyo ni mji wa wahamiaji. Mwalimu aliyehamishwa kutoka bara, mwanafunzi wa Taasisi ya Sanaa na Utamaduni na mfanyakazi wa hotelini hupanga chumba Magomeni au Dunda pasipo ndugu hata mmoja wa karibu, na wengi wao ni Wakatoliki ambao jumuiya, yaani kikundi cha waamini majirani wanaosali pamoja kwa zamu nyumba kwa nyumba, huwafahamu pale tu wanapohitaji barua ya ubatizo au wanapofiwa. Kuchelewa huko hakufai, hasa mahali hapa, kwa kuwa misheni iliyoanzishwa na Mapadre wa Roho Mtakatifu mwaka 1868 ilijengwa pamoja na watu waliokombolewa utumwani, ambao walikuwa wametenganishwa na koo zao na wakalazimika kuwa ndugu wao kwa wao.

Anzeni kwa kuulizia. Mara nyingi jirani Mwislamu au mwenye nyumba ndiye anayetangulia kujua kwamba mpangaji mpya huenda kanisani. Mkishapata habari, watumeni watu wawili, ikiwezekana mwanamke na mwanamume, wakamsalimie jioni. Wamwulize jina, parokia alikotoka na watoto alio nao, kisha wamweleze ni nyumba gani itakayofuata kwa sala, kwa sababu mgeni hawezi kuijua zamu yenu. Kitabu cha risiti kibaki nyumbani kwa mhazini. Mgeni anayetajiwa michango kabla hajajua majina ya wanajumuiya hurudi mara chache, na sioni sababu ya kumlaumu.

Siku ya sala yenyewe ndiyo inayohitaji uangalifu zaidi. Yakobo, katika sura ya pili ya waraka wake, anakemea desturi ya kumpa tajiri kiti kizuri na kumwambia maskini asimame, na jambo hilo huweza kutokea hata kwenye mkeka, pale mgeni anapoachwa mlangoni huku viongozi wakizungumza wao kwa wao. Akae katikati ya watu. Injili isomwe kwa hatua saba, yaani utaratibu wa kuisoma na kuitafakari pamoja, na kiongozi asiiruke ile ya tatu, ambapo kila mmoja hutaja kwa sauti neno au kifungu kifupi kilichomgusa, kwani hapo hata mtu mwenye haya huweza kushiriki pasipo kutoa maelezo. Ukimya unaofuata usikatishwe kwa wimbo. Katika kushirikishana, mwenyekiti asigeuke mhubiri. Msemaji mmoja akitumia nusu saa, wengine watakuwa wasikilizaji tu.

Kuhusu fedha, mhazini amweleze mgeni faraghani baada ya majuma kadhaa, akitaja kiasi na matumizi yake. Orodha ya wasiolipa isisomwe hadharani. Paulo aliwakaripia Wakorintho kwa sababu walipokutanika kula, mmoja alikaa na njaa na mwingine akalewa, na hivyo wakawatahayarisha wasio na kitu.

Kisha mpeni kazi: asome somo, aanzishe wimbo, au aipokee sala nyumbani kwake. Ikiwa anaishi chumba kimoja, mikeka itandikwe uani kwa idhini ya mwenye nyumba, na isitarajiwe chai.

Katibu aandike katika daftari namba ya simu ya ndugu wa mgeni na kijiji anakotoka. Habari hizo huonekana ndogo hadi usiku anapougua ghafla, wakati hakuna anayejua apigiwe nani.

Anapohama, mwandikieni barua ya utambulisho kabla hajafunga mizigo, nanyi mkimjua mtu huko aendako, mpigieni simu. Ndivyo Paulo alivyofanya katika Warumi 16, alipomkabidhi Fibi wa Kenkrea kwa Wakristo wa Roma, akiwaomba wampokee na kumsaidia katika neno lolote atakalohitaji kwao.