NULL haitafutwi kwa alama ya sawasawa

Katika SQL, lugha ya kuuliza hifadhidata, ukiandika WHERE simu = NULL, hutapata rekodi hata moja, hata kama nusu ya jedwali halina namba za simu. Hifadhidata nyingi wala hazilalamiki; zinarudisha jibu tupu kimya kimya, nawe unabaki kukodolea macho msimbo usio na kosa la tahajia. NULL maana yake ni "haijulikani", na kisichojulikana hakilingani na chochote, hata na NULL mwenzake. Tumia IS NULL au IS NOT NULL.

Mtego mbaya zaidi umejificha kwenye NOT IN, yaani "isiwe miongoni mwa". Swali dogo lililo ndani ya mabano likileta NULL moja tu, swali zima halirudishi kitu. Mimi siku hizi naandika NOT EXISTS ("isiwepo rekodi inayolingana"), swali liwe refu liwe fupi.

COUNT(simu), inayohesabu namba za simu, nayo huruka NULL, ila COUNT(*) huhesabu rekodi zote. Toa moja kwa nyingine, utajua ni wangapi hawana namba.

Anayetumia hifadhidata ya Oracle aangalie: humo maandishi matupu huhesabiwa kuwa NULL. PostgreSQL na MySQL hazifanyi hivyo.