Jinsi ya kuweka mbolea ya naitrojeni kwenye malisho ili ilishe nyasi badala ya kupotea kama gesi

Kabla ya kufungua mfuko wa mbolea, zunguka malishoni ukitafuta mabaka ya nyasi zilizokoza ukijani kuliko zinazozizunguka. Hapo ng'ombe alikojoa. Sehemu kubwa ya naitrojeni anayokula mnyama hurudi ardhini, na baka moja la mkojo linaweza kuwa na naitrojeni inayolingana na mamia ya kilo kwa hekta, kiasi ambacho nyasi haziwezi kukimaliza. Ukiongeza mbolea juu yake unawalisha bakteria tu: kundi moja hugeuza amonia itokanayo na mkojo na mbolea kuwa nitrati, na udongo unapojaa maji na kukosa hewa, kundi jingine huvuta oksijeni iliyomo ndani ya nitrati na kuachia oksidi ya nitrasi, gesi ambayo kilo yake moja hupasha dunia joto takribani mara 273 kuliko kilo ya kaboni dioksidi katika muda wa miaka 100.

Kwa hiyo usinyunyizie mbolea karibu na lango, chini ya vivuli na kwenye hori la maji, ambako mifugo hukusanyika na kwato hushindilia udongo.

Kwingineko, chimba shimo la kina cha sentimita 10, chukua udongo na uufinye kiganjani. Maji yakichuruzika kati ya vidole, ahirisha kazi. Ukimomonyoka kama vumbi, ahirisha pia, hasa kama unatumia urea, kwa sababu urea iliyolala juu ya ardhi bila mvua ya kuizamisha hupoteza amonia hewani. Siku nzuri ni ile ambayo udongo una unyevu wa wastani na mvua ya kutosha, isiyo ya mafuriko, inatarajiwa karibuni.

Subiri siku chache baada ya kuondoa mifugo, nyasi zichipue, kisha gawa mbolea katika awamu ndogo. Mfuko wa kilo 50 wa urea una kilo 23 za naitrojeni. Kilo 25 hadi 40 za naitrojeni kwa hekta zinatosha kwa awamu moja.

Pima pia uchachu wa udongo, jambo ambalo wafugaji wengi hulisahau. Katika udongo wenye asidi nyingi, bakteria hushindwa kukamilisha kazi ya kugeuza oksidi ya nitrasi kuwa naitrojeni ya kawaida isiyo na madhara, hivyo chokaa ya kilimo husaidia. Na palipo na mikunde ya malisho yenye vinundu vya rangi ya waridi mizizini, punguza mbolea, kwani mbolea ikizidi, mikunde hiyo huacha kujitengenezea naitrojeni.