Chuo, Mazoezi na Kamisheni: Jinsi ya Kupanga Wiki ya Anayetaka Kuwa Afisa Mwanafunzi

Mwanafunzi wa chuo kikuu anayetamani siku moja kuvaa nyota ya Luteni Usu huanza mara nyingi na kosa lile lile: hudhani kwamba masomo, mazoezi na maandalizi ya jeshi ni mafungu matatu yanayostahili muda sawasawa kila siku. Nami nilidhani hivyo nikiwa mwaka wa pili. Nilikuwa nikiamka saa 11 alfajiri kila siku, nikikimbia kilomita 10 kwenye barabara ya lami inayopanda kilima cha chuo, nimevaa raba za mtumba ambazo soli zake zilikuwa zimekwisha upande wa nje. Wiki ya tano muundi wa mguu wa kulia ulianza kuuma hata nikiwa nimelala. Wiki ya sita nilisinzia katikati ya jaribio la takwimu, na matokeo yalipotoka nikawa na mtihani wa marudio, ile tunayoiita sapu, nikaufanya wakati wenzangu wako likizo. Nilikuwa nimepoteza vyote viwili, mguu na somo, kwa bidii ambayo haikuwa na mpango.

Nilichojifunza baadaye ni kwamba mambo haya matatu hayalingani uzito katika wiki yoyote ile, na kazi yako ni kuamua mapema, kabla muhula haujaanza, ni lipi litakalopungua katika wiki ipi. Anayesubiri kuamua siku yenyewe huamua kwa uchovu.

Kwanza ni vyema kuielewa njia yenyewe, kwa sababu wengi hufanya mazoezi ya kitu wasichokijua. Hapa Tanzania vijana wengi huanzia Jeshi la Kujenga Taifa (JKT), ama kwa mujibu wa sheria baada ya kidato cha sita, utaratibu uliositishwa mwaka 1994 na kurejeshwa mwaka 2013, ama kwa kujitolea. Kisha Jeshi la Wananchi wa Tanzania (JWTZ) hutoa tangazo la kuandikisha askari, na waliopita hupata mafunzo ya awali ya kuruta kabla ya baadhi yao kuchaguliwa kwenda Chuo cha Mafunzo ya Kijeshi Monduli. Pale Monduli wapo wanaokuja wakiwa na shahada zao tayari na kufuata kozi ya uafisa, na wapo wanaosoma Shahada ya Sayansi ya Kijeshi ya miaka mitatu inayoendeshwa kwa ushirikiano na Chuo cha Uhasibu Arusha. Mwishoni Rais, akiwa Amiri Jeshi Mkuu, ndiye anayewatunuku kamisheni, yaani cheo cha uafisa. Ukiitazama njia hii kwa utulivu utaona kwamba cheti cha elimu kinaulizwa mapema, mwili unapimwa njiani, na tabia yako inaangaliwa tangu mwanzo hadi mwisho. Kwa hiyo mwanafunzi aliyeko chuoni leo hana sababu yoyote ya kuacha shahada yake izame kwa ajili ya pushapu.

Sasa tuje kwenye saa. Wiki ina saa 168. Tume ya Vyuo Vikuu huhesabu krediti moja kuwa saa 10 za kazi ya mwanafunzi, darasani na nje ya darasa, na mwaka mmoja wa shahada una krediti zisizopungua 120, yaani saa 1,200. Ukizigawanya katika wiki 34 hivi za mihula miwili pamoja na mitihani, utapata saa 35 kwa wiki. Weka saa 7 za usingizi kila usiku, ambazo ni 49, na saa 7 za mazoezi kwa wiki nzima. Jumla ni 91, na bado zimebaki 77 za kupika, kufua, kusali, kupanga foleni ya chakula, kukaa kwenye daladala na kuangalia simu. Hesabu hii inaonyesha kwamba muda upo. Kinachokosekana ni mpangilio wake, na mwizi wa kwanza wa mpangilio huo ni usiku. Anayelala saa 8 usiku kisha akaamka saa 11 kukimbia anamchosha mwanafunzi aliye ndani yake na mwanamichezo pia, kwa kuwa misuli hujijenga usingizini na yaliyosomwa hukaa kichwani kwa usingizi huo huo. Kama lazima uchague kati ya kukimbia na kulala baada ya usiku wa kazi ya kikundi, lala.

Chukua ukurasa mmoja wa daftari, la karatasi, si simu, na uchore safu 17 za wiki za muhula. Andika kwanza tarehe za majaribio, za kukabidhi kazi na za mitihani ya mwisho. Nyingi hutangazwa wiki mbili za mwanzo. Wiki zenye majaribio mawili au zaidi zizungushie kwa kalamu nyekundu. Wiki hizo mazoezi yatapungua hadi nusu ya umbali wa kawaida, ukibakiza siku moja ya kukimbia kwa kasi, kwa sababu pumzi iliyojengwa kwa miezi haishuki kwa kiasi cha kutisha ndani ya wiki mbili au tatu ikiwa kasi imebaki. Wiki zisizo na duara jekundu ndizo za kujenga mwili. Ukurasa huo ubandike ukutani juu ya kitanda, mahali ambapo mwenzako wa chumba ataweza kukuuliza.

Kwa mazoezi yenyewe, mtu asiyekuwa na msingi aanze na siku tatu za kukimbia na mbili za nguvu. Jumanne akimbie kilomita 5 taratibu, kwa mwendo unaomruhusu kuzungumza sentensi nzima bila kuhema. Alhamisi akimbie mita 400 kwa kasi mara sita, akitembea dakika mbili kati ya moja na nyingine, au apande kilima kifupi mara nane. Jumamosi ni siku ya mbio ndefu, aanzie kilomita 7 na kupanda polepole hadi 12. Jumatatu na Ijumaa zitoshe dakika 30 za pushapu, kuchuchumaa, ubao wa tumbo (kujishikilia kwa viwiko na vidole vya miguu, mwili ukiwa umenyooka) na kujivuta kwenye chuma, na siku mbili zilizobaki ni za mapumziko ya kweli. Usiongeze zaidi ya sehemu moja ya kumi ya umbali kwa wiki, na kila wiki ya nne punguza. Mwishoni mwa wiki hiyo nyepesi jipime: kilomita 3.2, yaani maili mbili, kwa saa ya mkononi, na pushapu za dakika mbili. Andika matokeo katika ukurasa ule ule wa ukutani. Wanaoishi Dar es Salaam, Tanga au Mtwara wamalize kukimbia kabla ya saa 1 asubuhi, joto halijapanda. Na anayetoka kungali giza, hasa dada zetu, akimbie na wenzake katika njia yenye taa.

Kutembea na mzigo ni zoezi linalodharauliwa kupita yote, ingawa ndilo linalofanana zaidi na maisha yanayokungoja. Mara moja kila wiki mbili jaza mkoba chupa sita za maji za lita moja na nusu, ambazo ni kilo 9, uzifunge kwa kanga ili zisigongane, kisha utembee kilomita 6 kwa mwendo wa haraka. Faida ya maji kuliko mchanga ni kwamba bega likikataa katikati ya njia unamwaga chupa mbili na kurudi nyumbani salama. Usikimbie ukiwa na mkoba huo. Na usikimbie ukiwa umevaa buti. Buti ni za kutembelea, tena kwa kuizoeza miguu kidogo kidogo.

Hapa niseme neno kuhusu mavazi, maana nimewaona vijana wakifanya mazoezi wakiwa na suruali za mabaka walizonunua mtumbani, wakidhani zinawapa ari. Raia haruhusiwi kuvaa sare za jeshi wala nguo zinazofanana nazo. Agosti 2023 JWTZ lilitoa siku 7 kwa raia wenye nguo za aina hiyo kuzisalimisha. Mtu anayetaka kuingia jeshini kisha akaanza kwa kuvunja sheria ya jeshi atakuwa na kazi kubwa ya kujieleza. Vivyo hivyo kwa michoro ya mwilini, ambayo inaweza kukufungia mlango baada ya miaka mitatu ya jasho.

Maumivu ya muundi nayo yana somo lake. Ukipitisha kidole gumba juu ya mfupa na ukahisi maumivu yaliyotapakaa urefu wa kiganja, pumzika siku chache, badilisha raba, kimbilia kwenye nyasi au udongo badala ya lami, na mara nyingi yatapungua. Ukigusa ukakuta nukta moja, ndogo kama sarafu, inayokuuma mpaka unaruka, acha kukimbia kabisa na uende hospitali, kwani mfupa unaweza kuwa umeanza kupata ufa. Kumeza dawa ya maumivu ili umalize ratiba ya wiki ni kujidanganya. Ukiwa na homa pia usikimbie. Pima malaria kwanza.

Chakula hakihitaji unga wa makopo wanaouza kwenye kumbi za mazoezi. Ugali wa dona, maharage, dagaa, mayai, karanga, mboga za majani na ndizi vinatosha kabisa, ilimradi viwepo mwezi mzima. Tatizo la wengi wetu ni bumu: fedha za mkopo zikiingia tunakula kuku wiki mbili, zikiisha tunaishi kwa chai na andazi, na mbio za kilomita 12 juu ya chai na andazi ndizo zinazomwangusha mtu. Siku ile ile ya bumu nunua mchele, unga, maharage na dagaa wa mwezi, kisha kinachobaki ndicho cha kutumia. Mwezi wa Ramadhani anayefunga ahamishie mazoezi mepesi nusu saa kabla ya magharibi, ili maji na futari viwe karibu, na mbio ndefu aziache hadi baada ya Idi. Hatapoteza kitu.

Upande wa masomo, usisome kwa lengo la kufaulu tu. Afisa huandika taarifa, husoma ramani, huhesabu mahitaji ya watu na vyakula, na husimama mbele ya watu kueleza jambo kwa dakika tano bila kuzungukazunguka. Haya yote unaweza kuyafanyia mazoezi katika kazi za kikundi ambazo wenzako wanazikimbia: jitolee kuandika ripoti, jitolee kuiwasilisha. Uongozi mmoja unatosha, uwe wa darasa, wa bweni au wa timu. Anayechukua nyadhifa nne kwa ajili ya kupamba wasifu wake huishia kuwa na vikao vingi na GPA, yaani wastani wa alama, iliyochoka.

Nyaraka ziandaliwe mwaka wa kwanza, si wiki ya tangazo. Linganisha jina lako katika cheti cha kuzaliwa, vyeti vya sekondari, cheti cha JKT na kitambulisho cha taifa cha NIDA, herufi kwa herufi. Herufi moja iliyozidi hurekebishwa kwa utulivu leo, lakini haitarekebishwa kwa siku tano za mwisho wa maombi. Ukomo wa umri hutajwa katika kila tangazo na hutofautiana kwa kiwango cha elimu, kwa hiyo mwaka wa kuahirisha masomo unaweza kukugharimu zaidi ya ada. Na mtu yeyote anayekuomba fedha akuingize jeshini ni tapeli, hata akiwa na picha ya kombati kwenye simu yake. Wakati huo huo endelea kuomba ajira nyingine bila aibu, kwa kuwa nafasi ni chache na waombaji ni wengi.

Ukishaitwa na ukawa afisa mwanafunzi, yaani mwanafunzi wa kozi ya uafisa, mizani hugeuka, kwani saa si zako tena. Mtu aliyezoea kusoma kwa saa tatu mfululizo akiwa na spika masikioni hupata tabu sana mahali ambapo siku inapangwa na wakufunzi kuanzia alfajiri, na nafasi ya daftari ni dakika 20 kati ya kwata (mazoezi ya gwaride) na chakula. Jizoeze hilo ukiwa bado uraiani: geuza kila mhadhara kuwa nusu ukurasa wa maswali uliyoandika kwa mkono, uusome ukiwa foleni. Usiku kabla ya kulala panga vifaa vya kesho kwa utaratibu mmoja usiobadilika, ili alfajiri mikono ifanye kazi kabla akili haijaamka. Soma pamoja na wenzako wa kombania, yaani kikosi chako, kila mmoja akibeba somo analolimudi. Ukiumia, ripoti kwa mganga mapema. Jeraha lililofichwa siku tatu huchukua wiki sita.

Na kwa wanaotoka pwani, Monduli iko juu kuliko Arusha mjini, kwenye miteremko ya mlima, na baridi ya Juni na Julai ni ya kweli. Siku kumi za mwanzo mbio zako zitakuwa za polepole kuliko zile ulizoziandika ukutani kule chuoni, na pumzi itakata mahali ambapo haijawahi kukata. Kunywa maji hata kama huhisi kiu, shusha mwendo pale unaporuhusiwa, na beba soksi nene jozi nne.