Maka yavuja hewa kwa fitingi? Funga thredi hivi

Kama una bunduki ya peintiboli, yaani maka, na kila ukiingiza mtungi waskia tsss karibu na mshiko, tafadhali usikimbilie ile tepu nyeupe ya mafundi bomba. Najua ndo kitu cha kwanza utakachoambiwa na yeyote hapa Mombasa, manake kila hadwea kuanzia Kongowea mpaka Mwembe Tayari wanayo na ni bei rahisi, na kwa bomba la maji yafanya kazi vizuri tu. Lakini ukikaza fitingi ile tepu yakatika vipande vidogo vidogo, vyaenda na hewa mpaka ndani ya regyuleta (ile ya kupunguza presha) au solenoidi (valvu ya umeme), na hapo sasa kazi si uvujaji tena, ni kufungua maka nzima na kuchokoa nyuzi nyeupe kwa sindano. Katani na Boss White, ile pesti ya mafundi bomba, ndo usiitaje kabisa.

Jua kwanza thredi gani yataka kuzibwa na gani haitaki, hapa ndo watu wengi huharibu. Fitingi nyingi za hozi kwa maka ni 1/8 NPT (aina ya thredi ya Marekani), hizi zimechongwa kikoni, kadri zinavyoingia ndo zinavyojibana, lakini hata ukikaza vipi hubaki kanjia kembamba kanachozunguka na meno kama ngazi ya mnara wa msikiti na hewa yapanda hapo hapo mpaka nje. Hizi ndo zataka gundi. Zile ndogo za saizi ya 10-32 hazina koni, nyingi huziba kwa kagasketi chini ya kichwa, angalia gasketi kabla hujafikiria kitu kingine. Alafu pale mtungi unapoingia, kwa ASA, usipake gundi wala tepu hata siku moja, kinachoziba pale ni oringi, ile pete ya mpira ya mdomo wa mtungi, ikivuja badilisha oringi yaisha. Weka ya poliyurethani, zile nyeusi laini za dukani hufura zikikutana na CO2 na zakatika haraka.

Na ujue hozi zenyewe pia huvuja. Zile za plastiki za kuchomeka, mwisho wake ukikwaruzwa hewa yapita pembeni, na mtu aweza kushinda siku nzima anapaka gundi kwa thredi isiyo na shida. Kata kipande kidogo cha mwisho kwa wembe mkali, ukate wima sio mshazari, chomeka tena.

Sasa mtego wa hapa kwetu. Vifaa vyetu vya bomba na kompresa vingi ni BSP, tulirithi kwa Mwingereza, na maka zimetengenezwa kwa NPT ya Marekani. 1/8 BSP ina thredi 28 kwa inchi, 1/8 NPT ina 27, na pembe za meno pia ni tofauti, digrii 55 na 60. Kwa macho hutaona chochote, kwa mkono yaingia raundi za kwanza vizuri kabisa, muuzaji akwambia "hii ndo yenyewe bosi", ukifika nyumbani ukiweka spana yakwama, ukilazimisha yala thredi za alumini na hapo hakuna gundi itakayokusaidia. Kwa hivyo nenda na fitingi ya zamani mkononi, uliza NPT kwa jina, na kama ana nati ya NPT dukani jaribu nayo. Pia usinunue fitingi ya maji. Kompresa ya gereji hucheza presha ya kama 120 psi, mtungi wa hewa wa kawaida watoa kama 800 psi kuingia kwa maka, na CO2 kwa joto letu la mchana ikifika 31°C yapita 1000. Kitu cha mfereji hakikutengenezewa hiyo.

Gundi. Ya bluu, Loctite 242, ndo wengi hutumia, kusema kweli kazi yake hasa ni kuzuia skrubu zisilegee lakini kwa thredi ndogo kama hizi yaziba vizuri. Ukipata 545 hiyo ndo yangu, imetengenezwa kwa mambo ya hewa na haidroliki na haina chembechembe za kuziba valvu. Nyekundu, 271, iache hapo hapo kwa kaunta, kuitoa wahitaji moto wa kama 250°C na kabla ufike huko oringi zishakufa. Supa gluu pia hapana, yakauka kama kioo na yapasuka.

Haya, kazi. Toa mtungi, elekeza maka mahali salama, piga mpaka hewa iliyobaki ndani iishe kabisa, vaa miwani. Fungua fitingi, na hapa nasema fitingi, sio valvu ya juu ya mtungi, ile usiiguse kwa spana hata ukiona imelegea, Marekani watu washakufa valvu ikitoka mtungi ukiwa umejaa. Mtungi wenye shida mpelekee anayejua mitungi.

Safisha gundi ya zamani kwa mswaki mkavu na sindano, pande zote mbili, ndani na nje, alafu pangusa kwa spiriti ile mafundi mbao huchanganyia vanishi. Usiiruke hii. Gundi hizi hukauka zikikosa hewa na zikigusa chuma (ndo maana chupa huja haijajazwa, ile hewa ya juu ndo yaiweka maji), kukiwa na mafuta ya maka pale katikati haishiki. Na sisi wa pwani kuna chumvi juu yake, ukicheza upande wa Nyali au Bamburi utaona unga mweupe kwa alumini pale fitingi ya stenlesi imekaa, huo wote utoke.

Paka tone moja, kweli moja, kuanzia thredi ya pili au ya tatu kutoka mwisho unaoingia. Ile ya kwanza iwache kavu, ukiijaza gundi itasukumwa ndani ya njia ya hewa na itaenda kukaukia mahali hutaki. Zungusha itapakae pande zote. Kwa 10-32 isiyo na gasketi ni kugusa tu na ncha ya kijiti, na kama pale inapoingia ni plastiki usitie gundi hii kabisa, yapasua plastiki polepole mpaka ushangae.

Ingiza kwa mkono mpaka ikatae, alafu, kwa zile za NPT, spana ya size yake raundi moja au moja na nusu, sio koleo. Kama ni kiwiko na hakijaangalia upande unaotaka, peleka mbele kidogo kifike, usirudishe nyuma. Kikigoma kabisa toa, safisha, anza upya. Alumini ni laini jamani, mwenye nguvu nyingi amwachie mwengine ashike spana.

Baada ya dakika kama ishirini itaonekana imeshika, usidanganyike. Iwache mpaka kesho yake, masaa 24, hasa alumini maana gundi yachelewa kwake kuliko kwa chuma au brasi. Alafu weka mtungi polepole, kama una swichi ya hewa fungua kidogo kidogo, na upake povu la sabuni ya vyombo kwa kila kiungo, lakini mbali na betri na bodi ya umeme. Kiputo kikikua toa presha yote kwanza ndo ukaze au urudie, usikaze fitingi yenye hewa ndani na usizibe kwa kidole kuskilizia. Hewa ikitoka kwa mtutu badala ya fitingi, hiyo ni oringi au valvu ya ndani, gundi haihusiki.