Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Kukubali Kupasuliwa Goti Lililosagika

Mtu aliyevuka miaka hamsini, ambaye kuinuka kwenye mbuzi ya kukunia nazi humlazimu kujisukuma kwa mikono miwili, huambiwa mtaani kwamba goti lake limeisha mafuta. Usemi huo unakaribia ukweli, ila kinacholika hasa ni gegedu, yaani tabaka laini linalofunika ncha za mifupa, pamoja na meniski, zile pedi mbili zenye umbo la hilali zinazokaa kati ya paja na muundi. Gegedu halina mishipa ya damu, na meniski huipata damu pembezoni tu. Ndiyo maana kilicholika hakizibi kama kidonda cha ngozi.

Kabla ya kwenda kwa daktari, andika lini maumivu yalianza, kama uliteguka au yalikuja polepole, na kama goti huvimba au hukwama likawa halinyooki kabisa. Goti lililokwama hivyo baada ya kuumia lahitaji kuonwa mapema, na lile lililovimba ghafla, likawa jekundu na la moto huku mgonjwa ana homa, lipelekwe hospitali siku hiyohiyo, kwa sababu huenda ni maambukizi na wala si kusagika. Taja pia shinikizo la damu, vidonda vya tumbo na matatizo ya figo, kwa kuwa diklofenaki na ibuprofeni, dawa za maumivu ambazo wengi wetu hununua dukani kama pipi, zinaweza kuyazidisha yote matatu. Jeli ya kupaka ya diklofenaki huanza kufikiriwa kabla ya vidonge.

Picha ya eksirei ipigwe ukiwa umesimama, kwani ukilala, nafasi ya kiungo huonekana pana kuliko ilivyo. Kipimo cha MRI, yaani picha ya ndani ya goti inayopigwa kwa mashine ya sumaku, ambacho ni ghali, kisikutishe. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2008 kuhusu wakazi wa Framingham, Marekani, asilimia 61 ya waliokutwa na meniski iliyochanika hawakuwa na maumivu wala ukakamavu wa goti katika mwezi uliotangulia. Mchaniko unaoonekana kwenye picha, basi, si lazima uwe ndio unaouma.

Hapa ndipo wengi huharakishwa. Nchini Finland, wagonjwa 146 wenye meniski iliyochanika kwa uchakavu waligawanywa: wengine walikatwa kipande kilichochanika kwa upasuaji wa matundu madogo, wengine wakafanyiwa upasuaji wa kuigiza bila kujua, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2013 yalionyesha kwamba baada ya miezi 12 makundi hayo hayakutofautiana kwa maana. Kwa hiyo muulize daktari wako waziwazi: upasuaji huu utanipa nini ambacho miezi mitatu ya mazoezi haitanipa? Sindano ya steroidi, dawa ya kupunguza uvimbe inayodungwa ndani ya goti, nayo hutuliza kwa wiki chache, na kuirudiarudia kunaweza kuharakisha kulika kwa gegedu.

Mazoezi yenyewe hayana mbwembwe. Kaa kitini, nyoosha mguu mmoja hadi msuli wa mbele wa paja ukaze, ushikilie kwa sekunde tano, uushushe taratibu, urudie. Maumivu kidogo mwanzoni hayamaanishi kwamba unalimaliza goti. Kila kilo ya mwili inayopungua huliondolea goti mzigo wa takriban kilo nne katika kila hatua. Mkongojo ushikwe kwa mkono wa upande wa goti zima, jambo ambalo karibu kila mtu hulikosea.

Yote hayo yakishindwa na usingizi ukakatika, goti la bandia, ambalo huwekwa pia katika Taasisi ya Mifupa Muhimbili, huwa njia ya haki. Kabla ya tarehe, sukari idhibitiwe, meno mabovu na vidonda vya miguu vitibiwe, na gharama zijulikane zote, pamoja na za fiziotherapia. Nyumbani, choo cha kuchuchumaa kiwekewe kiti, na anayeswali atafute mapema kiti cha kuswalia, kwa kuwa goti jipya hutembea vizuri lakini kuchuchumaa na kupigia sijda huliwia vigumu.