Muuzaji akisema 90% ya vifaranga watapona, mpime hivi
Ndugu zangu wafugaji wa samaki wa vizimba hapa Mwanza, kauli ya "vifaranga wa sato 9 kati ya 10 watavuka mwezi wa kwanza" inapimika. Chukulia kwanza kuwa muuzaji anasema kweli. Kisha jiulize: kama ni kweli, matokeo mabaya kiasi hiki yangetokea kwa bahati tu mara ngapi?

Ukifuatilia vifaranga 20 wakabaki 16, usigombane na mtu: 16 au pungufu hutokea kama mara 13 katika 100 hata kauli ikiwa kweli. Wakibaki 15, inashuka hadi kama 4 katika 100. Hapo una sababu ya kuikataa. Mpaka wa kuikataa kauli, yaani chini ya 5 katika 100, uuweke kabla, si baada ya kuona waliokufa.

Kinachoharibu kipimo zaidi ni sampuli. Usichote wanaoelea ukingoni tu. Wala usiwaweke wote kwenye wavu mmoja: hewa ikipungua majini wanakufa pamoja, na hesabu hii inataka kila mmoja afe au apone kivyake. Na hao 16 hawajathibitisha 90%. Vifaranga 20 ni wachache mno kuitofautisha na 80%.