Ndovu Wamemaliza Mahindi: Jinsi ya Kudai Fidia

Usiguse shamba. Najua ukiamka ukakuta ekari nzima imelazwa, mkono unakimbilia panga. Mimi nilifyeka mabua yaliyovunjika, nikawapa mbuzi, nikapanda kunde mvua isinipite. Afisa wa kilimo alipofika siku ya tisa, kunde zilikuwa zimechipua zikapendeza. Akaniuliza, "Mzee, hasara iko wapi?" Msimu huo dai langu liliishia hapo.

Haya ninayoandika ni ya safari ya pili, maana hapa Taita Taveta, na mbuga za Tsavo zote mbili mlangoni, ndovu hawakosi kurudi.

Asubuhi hiyohiyo piga picha: nyayo, kinyesi, mabua, na pande zote za shamba. Piga pia ua wako, mizinga ya nyuki ya kufukuzia ndovu kama ile ya Sagalla, hata matambara ya pilipili na oili chafu. Sheria ya wanyamapori ya 2013, kifungu cha 25, inasema aliyekosa kuchukua hatua za kuridhisha kulinda mimea yake halipwi. Kwa hivyo ushahidi kwamba ulijaribu ni muhimu sawa na ushahidi kwamba ulishindwa.

Kisha ripoti kituo cha KWS (Shirika la Wanyamapori la Kenya) kilicho karibu, umjulishe na chifu. Andika jina la aliyekuhudumia na tarehe. Kama ni nyani au tumbili, usichome nauli: hawamo kwenye orodha ya wanyama wanaolipiwa.

Fomu ya kudai fidia yenyewe si ngumu. Shamba langu bado lina jina la marehemu baba, nikaambiwa nilete barua ya chifu. Kama na lako liko hivyo, itafute mapema.

Shughuli ni sehemu inayojazwa na afisa wa kilimo. Yeye ndiye anayekadiria hasara, na bila sahihi yake fomu ni karatasi ya kufungia maandazi. Siku ya kwanza niliambiwa yuko nyanjani, ya pili yuko semina, ya tatu yupo ila pikipiki haina mafuta. Siku ya nne nilikwenda na boda nikamleta mwenyewe, nauli juu yangu. Mpe risiti za mbegu na mbolea, mpime ekari pamoja. Usiongeze chumvi, kwa sababu macho anayo. Aliyeuawa na mnyama sheria imemtajia shilingi milioni 5, lakini mahindi hukadiriwa kwa bei ya soko ya wakati huo.

Kabla hujakabidhi, toa fotokopi ya kila karatasi na uombe igongwe muhuri wa kupokelewa. Karani wa ofisi moja aliniangalia kama nimemtukana mama yake, lakini aligonga. Miezi mitano baadaye faili "haikuonekana", na ile nakala ndiyo iliyoirudisha duniani.

Dai huenda kwa kamati ya kaunti ya uhifadhi na fidia, nayo haikai kila wiki. Ikishapendekeza, faili hupanda juu, nawe urudi kulima. Usiporidhika na uamuzi, una siku 30 za kukata rufaa kwa Mahakama Maalum ya Kitaifa ya Mazingira. Siku hizo huanza kuhesabiwa ukishaarifiwa, basi ukipokea barua, andika tarehe juu ya bahasha hapohapo mbele ya aliyekuletea.